Mzee wa twiga aliyetaka kuchonga simba mmoja kabla hajafa

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa mitaani na wa ughaibuni.

Mimi ni msomaji wa kimya humu jukwaani. Nasoma, nacheka, nazima. Leo naomba nafasi niweke yangu moja.

Kutunga sijui. Ningejua kutunga ningejitungia maisha yenye shule ndani. Hii ilitokea jinsi ninavyoiandika, na kama kuna mahali nimepunguza, ni kwa sababu ukweli wenyewe ulikuwa mrefu kupita kiasi. Mtaona ni kitu gani hasa kilikuwa kirefu.

Ilikuwa miaka ya tisini, katikati hapo. Nilikuwa kijana, naishi kwa kaka yangu, mtaa wa Huruma. Shule niliiacha mapema. Mwalimu alichoka na maswali yangu, mimi nikachoka na majibu yake, tukaachana kwa amani.

Asubuhi moja nikanywa chai, nikavaa viatu, nikatoka. Plan sikuwa nayo.

Kaka akaniuliza, "Unaenda wapi?"

"Nikifika nitajua."

"Ukishajua, kaa huko huko."

Niliyachukua maneno hayo kama baraka.

Miguu ikanipeleka Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi. Lori lilikuwa linashusha mzigo, na mimi nikasimama kuangalia. Kuna jambo lilikuwa linanisumbua tangu utotoni: yule mbuzi wa mbele, anayefuatwa na wenzake wote, anajua anakokwenda au anajifanya tu?

Sikupata jibu. Nilikuta kitu bora.

Kulikuwa na mtawa mfupi, miwani usoni, raba miguuni, anavutana na mbuzi. Mbuzi alikuwa amelala katikati ya njia na amekataa katakata. Sista anavuta kamba, mbuzi anamtazama kama mtu anayesubiri basi. Soko zima linacheka.

Jamaa mmoja wa kubeba ngozi akapaza sauti: "Sista, muache tu! Huyo mbuzi ni Mprotestanti!"

Mimi nilicheka kupita wengine. Sista akageuka, akaniona.

"Wewe kijana. Unacheka au unabeba?"

"Naweza yote mawili."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi, wakuu. Bila CV.

Kutoka Kiamaiko mpaka Mowlem si mbali ukiwa mikono mitupu. Ukiwa na mbuzi mabegani, ni safari ya wana wa Israeli. Tulipofika kuvuka Outering Road, mbuzi akaamua kujisaidia. Mgongoni kwangu. Yote. Watoto waliokuwa wanatufuata wakapiga makofi.

Mimi siwezi kutembea bila kuuliza. Nikamuuliza Sista mbuzi ni wa sherehe gani.

"Ni wa mgonjwa wetu. Hajala kitu siku nyingi. Jana ameomba supu."

"Akinywa atapona?"

"Hapana."

"Sasa supu ni ya nini?"

Sista akasimama hapo hapo barabarani. "Kwani wewe ukinywa supu huwa unapona nini?"

Nilinyamaza mpaka Mowlem. Kaka yangu angelipa kuona hiyo.

Sasa, mahali penyewe. Ilikuwa nyumba ndefu ya mawe, paa la mabati, mbele shamba dogo la sukuma wiki, nyuma kamba za nguo zimejaa mashuka. Nyumba ya kutunzia wazee. Wengine hawakuwa na mtu, wengine walikuwa na watu ambao wameshindwa. Siku hizo jambo hilo lilikuwa la kunong'onezwa. Mtu akisikia mzazi wako yuko kwa masista, anakuangalia kama umemuuza.

Aliyeiongoza alikuwa huyo huyo Sista wa mbuzi, Sista Perpetua.

Nikaonyeshwa bomba, nikaoga, nikapewa shati la mzee mmoja aliyekwisha kututangulia. Lilinitosha vizuri, nikaamua kutofikiria zaidi. Lakini harufu ya mbuzi haitoki kwa maji ya siku moja. Nilipoingia wodi ya wanaume nimebeba birika la chai, mzee wa kitanda cha dirishani aliinua pua.

"Mbuzi ameingia," akasema.

"Ni mimi, mzee."

"Ala! Na anaongea."

Kutoka kitanda cha pili ikatoka sauti nyembamba, ya mtu anayepumua kwa kupimapima: "Shemeji, mheshimu. Pengine ndiye mwenye akili kukushinda."

Hao ndio watu wangu wawili. Wakae vichwani mwenu.

Wa dirishani ni Mzee Kilonzo. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, lakini mwili wake ulikuwa mzima, imara kama gogo. Wa pili ni Mzee Mutiso, ndiye mgonjwa wa supu. Ugonjwa ulianzia tumboni ukatembea. Hospitali kubwa walimwambia arudi nyumbani, na kwa kuwa nyumbani hakukuwa na mtu, nyumbani ikawa hapo.

Mutiso alimwoa dada yake Kilonzo. Dada alishafariki, lakini ushemeji haukufariki. Wote wawili walikuwa wachonga vinyago kutoka Ukambani, na maisha yao yote ya kazi walikaa benchi moja kwenye karakana ya wachongaji karibu na Gikomba.

Supu ikapikwa. Mutiso akanywa vijiko vichache, akafumba macho, akatabasamu kama mtu aliyepata barua. Iliyobaki, Kilonzo akaishughulikia. Alikula hadi kijiko kikaomba kupumzika.

"Wewe ndiye unaumwa?" nikamuuliza.

"Namsaidia. Familia husaidiana."

Jioni nikaaga. Sista akasema, "Kesho kuna mashuka ya kufua na wazee wa kugeuza. Store ina nafasi kati ya magunia ya mahindi na zile wheelchair mbovu." Akaondoka bila kungoja jibu.

Nilipanga kukaa mpaka nyama iishe. Nyama ikaisha, nikapanga kukaa mpaka maswali yaishe. Wakuu, hapo ndipo nilipokosea hesabu.

Kazi niliyofundishwa haikuwa ya ajabu. Kumgeuza mzee ubavu kwa ubavu asipate vidonda vya kulalia. Kumlowesha midomo kwa pamba yenye maji anaposhindwa kunywa. Kumkata kucha. Kumsikiliza anaporudia habari ile ile, na kushangaa upya kila mara.

Mutiso alikuwa na dawa ya maji ya maumivu. Sista alimpa kwa saa zake, hata kama wakati huo hasikii uchungu. Nikauliza kwa nini asingoje uchungu uje kwanza.

"Wewe hufunga lango mbuzi akishatoka?"

Kila kitu kwa huyu mama kilikuwa mbuzi.

Basi, asubuhi moja namgeuza Mutiso, akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama ganda la mahindi. Akasubiri Kilonzo apelekwe nje kuota jua, ndipo akanong'ona.

"Kijana, nataka kuchonga simba."

"Sawa, mzee. Shida iko wapi?"

Akanitazama kama nimetukana kanisani. Ikabidi anieleze, na mimi niwaeleze nyinyi, kwa sababu bila hii hamtaelewa kitu.

Kwenye karakana yao, kila mtu alikuwa na mnyama wake. Unaingia ukiwa mdogo, mjomba anakufundisha mnyama mmoja, na huyo ndiye wako mpaka kufa. Wa kifaru ni wa kifaru. Wa swala ni wa swala. Kuchonga mnyama wa mwenzako ni kama kuingia chumba chake ukavaa suruali yake. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini hakuna anayefanya.

Mutiso alikuwa mtu wa twiga. Twiga tu, kuanzia ujana mpaka tezo, kile kishoka cha kuchongea, ikamshinda. Kilonzo alikuwa mtu wa simba.

"Na siku ya harusi yangu," akasema Mutiso, "huyu mtu alisimama mbele ya wazee akasema dada yake anaolewa na mchonga fimbo zenye miguu. Watu wakacheka. Mpaka mke wangu alicheka, Mungu amweke pema. Tangu siku hiyo hajaacha. Fimbo yenye miguu! Eti hata mtoto akivunja ufagio anapata twiga. Eti simba ndiye kazi ya mwanaume."

Akapumzika kidogo, akaendelea.

"Nataka kuchonga simba mmoja. Nataka Kilonzo amshike, aseme kwa mdomo wake: huyu ni simba. Halafu niende zangu."

"Si umwombe tu aseme?"

"Bila simba?"

"Ndiyo."

"Kijana, shule uliachia wapi?"

Nikamrekebishia mto.

Tatizo lilikuwa moja tu. Mikono yake haikuweza kushika hata kikombe. Kwa hiyo mikono ingekuwa yangu, na mimi maishani mwangu nilikuwa nimechonga kalamu ya risasi, nayo ikavunjika.

Nikaenda Gikomba kutafuta mti. Nikapita mitumba, nikapita maseremala, mikokoteni ikinifukuza kila upande, mpaka nikasikia mlio wa tezo nyingi kwa pamoja, ko ko ko, kama kuku wa chuma. Nikajitambulisha: natoka kwa Mzee Mutiso, anaomba kipande cha mti wa kuchonga, kitu laini, na tezo ndogo.

Tezo zote zikasimama. Walijua anaumwa. Mzee mmoja akafuta macho kwa mkono wenye vumbi la mbao, akazidi kulia kwa sababu ya hilo vumbi.

"Mutiso bado anachonga?"

"Anachonga."

Wakanichagulia mjakaranda, kipande safi. Wakakikata wenyewe, wakakipima kwa macho, wakakifunga kwenye gunia. Hawakuchukua hata senti. Walinisindikiza mpaka barabarani.

Mimi nilirudi Mowlem nikiwa shujaa. Nikafungua gunia mbele ya Mutiso.

Mzee akakiangalia kile kipande muda mrefu.

Kilikuwa kirefu. Kirefu na chembamba, kama mchi wa kinu. Maana kila mtu pale karakana alijua Mutiso anachonga nini, na kwa upendo wao wote walikuwa wamemkatia mti wa twiga.

"Hukuwaambia ni simba?"

"Uliniambia ni siri!"

Kweli alikuwa ameniambia. Hilo jina halingeweza kutajwa pale. Mtu wa twiga aombe mti wa simba? Habari zingefika Ukambani kabla mimi sijafika Mowlem.

"Nirudi nikatafute kingine?"

Akapumua. Akafikiri. "Hapana. Siku zangu si za kurudisha mizigo. Chonga."

Tukaanza. Mimi kwenye kigoda kando ya kitanda, shuka la zamani chini, tezo mkononi. Yeye analala ubavu, kidole kimoja nje ya blanketi. Kidole kikienda kushoto nakata kushoto. Kikisimama nasimama. Nikikosea, anafumba macho kwa uchungu ambao dawa ya Sista haikuwa na habari nao.

Kilonzo alikuwa haoni, lakini masikio yalikuwa na afya.

"Nani anachonga humu?"

"Mimi, mzee," nikasema. "Namchongea Sista mwiko."

Akasikiliza. "Huo si mlio wa mwiko."

"Ni mwiko mkubwa."

"Una mabega?"

Nilijifanya nimeitwa jikoni.

Siri ikadumu hivyo hivyo mpaka alipoingia Mama Nekesa.

Mama Nekesa alikuwa mkazi wa upande wa wanawake. Mtu wa Bungoma, aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha nguo na baadaye kuuza samaki, na sauti yake haikujua kwamba amestaafu. Alikuwa akitembelea wodi ya wanaume kila siku kuangalia kama kuna aliyekufa, na kama hakuna, awapigie kelele kidogo. Siku hiyo akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Haya! Na huyu mbwa mnamchonga wa nini?"

Nilitamani sakafu ipasuke.

"Mbwa gani?" Kilonzo akaketi wima.

"Huyu hapa ana miguu minne na shingo kama ya bata mzinga."

Kilonzo hakuwa na shaka tena. "Mutiso. Ni nini hicho?"

Ikaja ile sauti nyembamba, yenye ukaidi wote uliobaki duniani: "Ni simba."

Wakuu, nimeishi mitaa mingi. Nimeona watu wakirushiana mawe. Sijawahi kuona wodi ikipoa namna ile.

"Umechonga simba wangu," akasema Kilonzo.

"Nimechonga simba wangu."

"Nilikupa dada. Mkaleta mbuzi wa mahari anayekohoa, nikanyamaza. Sasa unachukua simba?"

"Yule mbuzi alikohoa kwa sababu alikuona!"

Kilonzo akageukia dirisha na kujifunika blanketi mpaka kichwani. Hakusema na Mutiso siku hiyo, wala iliyofuata. Chai alikunywa akiwa ndani ya blanketi. Nilimuuliza anaonaje kikombe humo ndani, akasema kwani nje anakiona?

Sista alikuja, akaangalia kitanda kimoja, akaangalia kingine, akaangalia vumbi la mbao kwenye mashuka yake. Nilingoja nifukuzwe. Akaniita pembeni.

"Anakula?"

"Tangu tuanze kuchonga, anaomba uji."

"Analala?"

"Analala, Sista. Akilala kidole kinachonga."

Akavua miwani, akaifuta. "Mashuka yatafuliwa. Na wewe ndiye utakayeyafua." Akarudi mlangoni, akageuka. "Fanyeni haraka kidogo, kijana. Nikikuambia haraka, unanielewa."

Nilimwelewa. Swali sikuwa nalo.

Siku ya tatu ya ugomvi, sauti ikatoka ndani ya blanketi la dirishani.

"Mutiso."

"Naam."

"Akiisha, nipe nimshike. Akiwa simba nitasema simba. Akiwa mbwa nitasema mbwa. Juu ya simba mimi sidanganyi. Hata kwa maiti sidanganyi."

"Sijakuomba udanganye."

"Basi."

Kuanzia hapo ikawa mbio, na wodi nzima ikawa karakana. Mutiso alisema kazi nzuri haifanywi na mtu mmoja, kuna wa kuchonga na kuna wa kupiga msasa. Mama Nekesa akajitwalia msasa. Alisugua huku akiimba nyimbo za kanisa, na kila akifika kwenye kiitikio alisugua kwa nguvu mpaka nikaogopa simba atabaki mswaki.

Miguu ikatoka vizuri. Mkia ukatoka, mara ya pili, ule wa kwanza ulikatika tukazika habari zake. Mgongo haukuwa mbaya.

Shingo, wakuu. Shingo.

Nusu ya kosa ni mti. Nusu nyingine ni kidole. Nilikuwa nikifika mahali ambapo hata mimi, mtu wa kalamu ya risasi, naona kwamba hapa sasa kiwe kichwa. Namwangalia Mutiso. Kidole kinasema juu kidogo. Napanda. Namwangalia. Juu kidogo tena.

"Mzee, ni simba huyu."

"Najua."

"Simba hana shingo hivi."

"Kidole kinajua njia yake," akasema, na nikaona aibu kidogo usoni mwake. "Kimeizoea. Mimi nakiambia simama, hakinisikii."

Nikapendekeza tukate, tushushe kichwa. Akasema mti umeshakuwa mwembamba mno pale, tukigusa tu kichwa kitaanguka, na simba bila kichwa Kilonzo hawezi kumkubali.

Mama Nekesa akaleta wazo: "Mfichieni kwa manyoya!"

Basi nikachonga manyoya ya shingoni, mengi, kuanzia masikioni yakishuka, yakishuka, mpaka mabegani. Alipomalizika alionekana kama simba aliyevishwa mafulana na mama yake kwa sababu ya baridi ya Julai. Tukampaka rangi ya viatu kumng'arisha. Rangi yenyewe ilikuwa ya Sista. Jumapili alienda misa na viatu vyeupe kwa vumbi, akatukazia macho wodi nzima, hakuna aliyejua lolote.

Siku ya kumshika simba ikafika; ilikuwa mchana, jua limeingia dirishani. Mutiso siku hiyo hakuwa ameomba uji. Pumzi zake zilikuwa zinakuja kwa mbali, moja, halafu unangoja, halafu nyingine. Sista alikuwa amekaa karibu naye na pamba ya maji. Akaniashiria kwa kichwa: sasa.

Nikamchukua simba, nikampeleka dirishani. Kilonzo akafuta mikono yake kwenye shati, kiganja kwa kiganja, kama daktari.

Akampokea.

Akaanza chini. "Nyayo," akasema. "Nyayo ni nzuri."

Akapanda miguu. "Magoti yako mahali pake."

Mkia. Akaufuata mpaka kwenye kishungi. "Mkia ni wa simba. Huu nakubali."

Mgongo. Mabega. Mutiso kule alikuwa amefungua macho.

Mikono ya Kilonzo ikafika kwenye manyoya. Ikapanda. Ikaendelea kupanda. Ikasimama, kama mtu anayepanda ngazi gizani akidhani zimeisha. Ikapanda tena.

Mama Nekesa alijaza leso mdomoni. Machozi yalikuwa yanamtoka na mabega yanaruka. Mimi niliuma ulimi. Sista Perpetua aliangalia dari, na nina hakika hakuwa anasali.

Mwishowe mikono ikafika kichwani. Kilonzo akagusa masikio, pua, mdomo uliofunguka. Uso wake mzima ulikuwa umegeukia kitanda cha pili, mahali zile pumzi zilipokuwa zinatokea.

Moja. Ukimya. Nyingine.

"Shemeji," akasema Kilonzo.

"Naam."

"Huyu ni simba."

Hakuna aliyecheka tena.

"Sema tena," akasema Mutiso.

"Nimeshasema. Simba hatajwi mara mbili, atakuja." Akampapasa tena ile shingo, kutoka chini mpaka juu, polepole. "Isipokuwa huyu wako anaangalia mbali sana."

Mutiso akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa pumzi tu, bila sauti, lakini kilimtikisa mpaka vidole. Sista akamshika bega. Alipotulia, alisema amechoka, tumgeuze upande wa dirisha.

Tukamgeuza. Simba tukamweka katikati yao, juu ya kabati.

Alikwenda asubuhi mbili baadaye, wakati wa chai, bila kelele. Aliyegundua ni Kilonzo. Alikuwa anamtukana kidogo, kama kawaida yake ya asubuhi, akagundua hajajibiwa.

Watu wa karakana walikuja wakamchukua kwenda kumzika kwao. Waliporudi walisema kaburi lilichimbwa refu kuliko kawaida, kila mtu alidhani ni mwingine aliyepima. Kilonzo alifurahia habari hiyo wiki nzima.

Siku moja nikashindwa kujizuia. Namkata kucha, nikamuuliza.

"Mzee, siku ile ulidanganya?"

"Wewe umeona simba wangapi?"

"Hata mmoja."

"Basi nyamaza."

Nikanyamaza, lakini mnanijua. "Na wewe, mzee? Kabla ya macho kuharibika?"

Akaukunja mkono niliokuwa nakata kucha.

"Mimi nimechonga simba mpaka wakajaa Ulaya," akasema. "Mjomba wangu alinifundisha. Yeye alifundishwa na wake. Kuona kwa macho, bado sijaona."

"Na Mzee Mutiso, twiga?"

"Wapi! Tulikuwa tunapanga kwenda pale mbugani siku moja, Jumapili. Kila Jumapili kulikuwa na kitu."

Akatikisa mkono niendelee na kucha.

"Kwa hiyo unajuaje shingo yake ni ndefu mno?" akaniuliza.

Nikashika kidole kilichofuata.

Nilikaa pale muda mrefu kuliko mahali popote kabla ya hapo. Halafu asubuhi moja nikanywa chai, nikavaa viatu. Sista alinitazama tu, akaingia jikoni akanifungia viazi. Mama Nekesa alinipigia kelele hadi mwisho wa barabara. Kilonzo akaniita dirishani, akanikabidhi simba.

"Mimi na yeye tumekaa vya kutosha. Mpeleke akatembee. Wewe ndiye mwenye miguu."

Nikamweka kwenye begi. Begi likakataa kufunga, kichwa kikabaki nje, kikiangalia nyuma.

Nikatembea, nikapanda lori la mchanga, nikashuka pale dereva aliposhuka. Kituo kidogo upande wa Ukambani, maduka machache, vumbi, jina lake nililijua baadaye. Nikauliza chumba. Mama mwenye nyumba akanipima kutoka viatu mpaka kichwa, kisha akaangalia begi.

"Na huyo ni nani? Twiga?"

"Ni simba, mama."

Akainama. Akatazama vizuri. "Mbona shingo?"

"Anaangalia mbali."

Akafikiri, akachomoa ufunguo kwenye fundo la leso.

"Basi mweke dirishani," akasema. "Atuangalizie wezi."

Wakuu, ndiyo hiyo.

Nilichojifunza: mtu aliyeambiwa hana matibabu bado ni mtu mwenye shughuli zake. Dawa apewe kwa saa, midomo iloweshwe, ageuzwe. Lakini kaa chini umuulize pia anataka nini. Huenda ni supu, huenda ni mambo ya kumshinda shemeji. Msaidie ashinde.

Aliyewahi kumuuguza mzee wake nyumbani au kwa masista, aweke hapa chini alichoombwa. Nitasoma zote.

Na kama kuna mmoja wenu amewahi kumwona simba kwa macho yake, karibu sana kwenye uzi, ila habari za shingo abaki nazo.